Alichelewa au Alicheleweshwa?

"Mama, tafadhali rudi nyuma kidogo."

Mlinzi hakuwa mkali. Alinyoosha kiganja kati yangu na ukuta kama trafiki anayezuia bajaji, akasubiri. Ndipo nilipogundua nilikuwa nimeinama mpaka pumzi yangu inaufikia mchoro.

Nilikuwa natafuta mstari wa penseli.

Mchoro wenyewe ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Marekani ya Smithsonian, Washington. Unaitwa Red Azaleas Singing and Dancing Rock and Roll Music, yaani azalea nyekundu zinaimba na kucheza rock and roll. Ni turubai tatu zilizopangwa pamoja, upana wake unafika mita nne na kimo kinanizidi. Ua halimo hata moja. Kuna mabaka ya rangi nyekundu juu ya weupe, mengi hata kuhesabu unachoka. Kuna yaliyosongamana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, na kuna yaliyopeana nafasi ya kupumua. Ukiyatazama kwa mbali yanatikisika. Ukisogea unaona kila baka limepigwa kwa mkono, na hakuna linalofanana na jirani yake.

Aliyeyapiga, mwaka 1976, alikuwa bibi wa miaka themanini na ushee. Miaka miwili kabla alikuwa amevunjika nyonga.

Alma Thomas.

Wiki tano zimepita tangu siku ile, na kila nikitaka kuandika habari zake naishia kufuta. Leo sifuti.

Hadithi tamu

Kama umewahi kulisikia jina hilo, huenda umelisikia hivi: mwalimu wa shule alistaafu akiwa na miaka 68, akashika brashi, na alipofikisha 80 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake katika makumbusho ya Whitney, New York, mwaka 1972. Halafu inafuata ile sentensi ya kubandika juu ya picha ya machweo. Hujachelewa. Anza leo.

Niliipenda, sikatai. Niliirusha hata kwenye status. Nina miaka 47, usiku natunza wazee huku Maryland, mchana nalala, na katikati najiahidi kwamba iko siku nitaandika kitabu. Hadithi ya namna hiyo kwangu ilikuwa uji wa mgonjwa, inashuka bila kutafuna.

Kisha nikaanza kusoma, na uji ukachacha.

Kwa sababu Alma hakushika brashi akiwa na miaka 68. Aliingia Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1921, na mwaka 1924 akawa mtu wa kwanza kabisa kuhitimu katika idara yake ya sanaa. Mwaka huohuo akaanza kufundisha sanaa Shaw Junior High School, shule ya watoto weusi hapo Washington, na hakutoka mpaka 1960. Mwaka 1934 alipata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa kazi iliyohusu vikaragosi vya kuchezeshwa kwa nyuzi. Mwaka 1943 alikuwa makamu wa rais wa Barnett-Aden, jumba la sanaa lililofunguliwa ndani ya nyumba ya kawaida, likatundika kazi za weusi na weupe ukutani pamoja katika mji ambao watu hao hawakuruhusiwa kuketi pamoja. Miaka ya hamsini, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanahesabu siku za pensheni, alikuwa anahudhuria madarasa ya uchoraji American University.

Huyu ndiye mtu wa "anza leo"?

Mchanga wa Georgia

Alizaliwa Columbus, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mwaka 1891, kwenye nyumba kubwa juu ya kilima. Baba alikuwa mfanyabiashara, mama mshonaji wa nguo za watu wenye uwezo. Si hadithi ya ufukara. Lakini Georgia ya wakati ule ilikuwa Georgia, na mwaka 1907, mwaka mmoja baada ya weusi kuuawa mitaani Atlanta, familia ilipanda treni kwenda kaskazini, Washington.

Alikuja kusimulia kwamba walipofika mto Potomac, wazazi waliwaambia wavue viatu wakung'ute mchanga wa Georgia.

Sisi tuliokulia kwenye Biblia ya Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Kung'uteni mavumbi ya miguuni mwenu.

Alitaka kuwa msanifu majengo. Msichana mweusi, mwaka 1911 au 1912, msanifu majengo! Akawa mwalimu, kwanza wa watoto wadogo huko Wilmington, Delaware, kisha ndiyo Howard, kisha Shaw.

Hapo nikapata neno langu. Hakuchelewa: alicheleweshwa. Silabi moja tu inaongezeka, na lawama inahama nyumba. Nikaandika makala nzima juu ya silabi hiyo. Iliwaka moto. Niliweka na maneno aliyomwambia mwandishi wa New York Times wakati wa maonyesho ya Whitney, kwamba alipokuwa mtoto Columbus walikuwa hawaruhusiwi hata kuingia makumbusho, sembuse kufikiria kutundika picha zao humo. Nikaona nimemaliza kazi.

Kabla ya kuiweka hewani nikampigia mama, Muheza, nimsomee.

"Alikuwa anapika wapi?"

Mama alifundisha shule ya msingi miaka 34. Sayansi, na hesabu walipokosekana watu. Amestaafu siku nyingi, ila simu anaipokea bado kwa sauti ya paredi.

Nilisoma mpaka mwisho. Kukawa kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo na mimi nilicheleweshwa?"

"Mama, sijasema hivyo."

"Umesema miaka ya kufundisha ni miaka iliyoliwa. Nimesikia vizuri, masikio ndiyo yaliyobaki. Huyo bibi alisema mwenyewe kwamba aliliwa?"

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kuokoa mambo kwa kumweleza habari za nyumba: jinsi Alma alivyoishi na dada yake katika nyumba ya wazazi hapo Washington, mtaa wa 15, na jinsi michoro yote iliyokuja kumpa jina ilivyotoka kwenye jiko dogo na sebule. Hakuwahi kuwa na ukumbi mkubwa wa kuchorea. Turubai ikiwa kubwa aliiegemeza kwenye sofa, akaipakata, akawa anaigeuza kadiri anavyokwenda.

"Jikoni," mama akasema. "Alikuwa anapika wapi?"

"Sijui, mama."

Akajijibu mwenyewe. "Atakuwa anasogeza rangi, anabandika sufuria, anakula, anaosha, anarudisha rangi mezani. Ndivyo tulivyosahihisha madaftari."

Nikafuta makala.

Si kwa adabu tu. Nilirudi nikasoma tena habari za miaka ile 35 niliyokuwa nimeiita mwizi, nikaona nilivyoipita mbio. Mwaka 1936 Alma alianzisha mpango wa kuwapeleka wanafunzi kwenye majumba ya sanaa na kuwaletea sanaa shuleni. Mwaka 1938 alifungua ukumbi wa maonyesho ndani ya shule, akaazima kazi kutoka Howard. Katika mji ule, kwa watoto wale, hiyo haikuwa saa ya ziada ya kujaza ratiba.

Hata hivyo siwezi kuirudia ile sentensi ya machweo. Shule ilimpa mshahara, nyumba ilikuwa yake, hakuolewa, hakuwa na mtoto wa kusomesha, na pensheni ilipokuja alikuwa bwana wa muda wake. Hayo nayo yaandikwe. Watu wengi wenye kipaji kama chake walikufa kabla ya kufikisha 68.

Vidole

Mwaka 1964 baridi yabisi ilimkamata vibaya. Kwa muda alidhani kuchora kumekwisha.

Hili najua ninachosema, maana ndiyo kazi yangu. Kuna mzee ninayemvalisha kila alfajiri. Vidole vyake vimepinda kuelekea upande mmoja, kama miti ya pwani iliyozoea kusi. Kifungo kimoja cha shati kinaweza kutuchukua dakika tatu, kwa sababu hataki nimfungie. Anataka kukifunga mwenyewe, mimi nishike tundu. Kidole gumba kinasukuma, kinateleza, kinasukuma tena. Kikishaingia anapumua, anakitazama, tunahamia cha pili. Mashati yake yana vifungo saba.

Siku hizi kila kifungo kikiingia namkumbuka Alma.

Howard walimtaka kwa maonyesho ya kazi zake za miaka yote, yaliyofanyika 1966. James Porter, msomi mkubwa wa sanaa ya weusi, ndiye aliyeyaandaa. Alma akaamua kwamba hawezi kuwaonyesha yaleyale. Akakaa akitazama dirisha la mbele la nyumba yake. Nje kulikuwa na mti wa holi, ule wenye majani ya ncha kali ambao Wamarekani hupambia Krismasi. Upepo ukipita, mwanga uliochujwa na majani ulivunjikavunjika kwenye vioo. Mti alikuwa ameuona maisha yake yote hapo. Safari hii aliuona ule mvunjiko.

Kutoka hapo mtindo ukazaliwa. Rangi ya akriliki, mabaka mafupi yaliyopangwa mstari kwa mstari au duara ndani ya duara, na kati ya baka na baka weupe wa turubai unachungulia. Mara nyingi alianza na penseli, akachora mistari ya kumwongoza, halafu mkono ukaijaza kwa mwendo wake. Washington wakati ule ilikuwa na wachoraji wake mashuhuri wa rangi tupu, kina Morris Louis, Kenneth Noland na Gene Davis. Davis alipiga mistari iliyonyooka kama ya rula, akitumia tepu. Louis alimimina rangi ikatiririka yenyewe. Alma anatajwa pamoja nao, lakini yeye hakutumia tepu wala hakumimina. Alifunga vifungo.

Najua wataalamu watanipinga, watasema nasoma ugonjwa ndani ya sanaa, na kwamba mosaiki, zile picha za vipande vidogo vilivyopangwa, zilikuwepo kabla ya baridi yabisi. Sawa. Lakini ukizitazama zile kingo, pale brashi ilipokaa, ikasita na kunyanyuka, huoni mkono unaotetemeka. Unaona mkono unaojua nafasi yake inaishia wapi.

Moto mtaa wa pili

Kuna jambo jingine lililonisumbua, na mama hakuhusika nalo.

Mwaka 1970 Alma alisema kwamba kwa njia ya rangi amekusudia kujikita kwenye uzuri na furaha badala ya unyama wa binadamu kwa binadamu. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Aprili 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, mtaa wa 14 Washington uliungua. Nyumba ya Alma ilikuwa mtaa wa 15. Moshi ule bila shaka uliingia ndani. Ukiangalia kazi zake za 1968 na 1969, ni bustani: vitalu vya buluu, mairisi, matulipu.

Mtu angependa kuuliza, bibi, dirisha lako lilikuwa linatazama wapi?

Lakini alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo kabla sijazaliwa. Agosti 1963 alikuwa miongoni mwa umati ulioandamana Washington, na mwaka 1964 akachora maandamano yale, watu na mabango yao wakiyeyuka kuwa rangi. Ni kama mchoro wa mwisho kabla hajaacha kuchora watu. Hakuwa mtu asiyejua. Alijua, akachagua, na alipochagua hakuomba ruhusa kwa wale waliotaka msanii mweusi achore ngumi.

Bado sijaridhika kabisa na jibu lake. Naliheshimu tu, kama ninavyomheshimu shangazi asiyetaka kuzungumzia ndoa yake ya kwanza.

Watusi

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anaposhtuka. Mchoro wake mmoja wa 1963 unaitwa Watusi. Ndiyo, kwa wa- yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini kulivuma Marekani dansi ya vijana iliyoitwa hivyo. Jina lilitokana na Watutsi wa Rwanda na Burundi, likabebwa na kiambishi chake cha wingi hadi kwenye kumbi za New York, ambako nadhani hakuna aliyejua kwamba ile wa- ina kazi. Wakati vijana wa Marekani wanajipinda kwa jina hilo, Watutsi wenyewe tangu 1959 walikuwa wanavuka mipaka kwa maelfu, kwenda Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Simlaumu Alma kwa hilo. Aliliokota jina lililokuwa redioni. Ila kila nikiliona nasikia mambo mawili kwa pamoja, na moja si muziki.

Mchoro wenyewe una ugomvi wake. Una umbo la kazi ya Matisse ya 1953 iitwayo L'Escargot, konokono, vipande vya karatasi ya rangi vilivyokatwa na kubandikwa kwa mzunguko. Alma aliuzungusha mpangilio, akabadilisha rangi, na badala ya karatasi akatumia brashi. Mwaka 2009 familia ya Obama ilipouazima kwa ajili ya Ikulu, watu walikuja juu kwenye intaneti: amenakili! Mchoro ukarudishwa makumbusho.

Mimi nilicheka. Mwalimu wa sanaa, miaka 35 darasani, unadhani angejifunzaje kitu ambacho hakijakaa mkononi mwake? Matisse naye alipokifanya kile kikonokono alikuwa mzee mgonjwa, hawezi kusimama muda mrefu, ndiyo maana alihamia kwenye mkasi. Nadhani Alma hakuibia picha. Alikwenda kutazama jinsi mzee mwenzake alivyotatua tatizo la mwili.

Ikulu ilirudi kwake. Mwaka 2015 mchoro mwingine, Resurrection wa 1966, duara ndani ya duara kutoka mwaka uleule wa maonyesho ya Howard, ulitundikwa katika chumba cha zamani cha kulia cha familia, ukiwa kazi ya kwanza ya mwanamke mweusi kuingia katika mkusanyo wa kudumu wa Ikulu ya Marekani.

Habari za mwezini nitazipita haraka, ingawa nazipenda. Alizaliwa enzi za mikokoteni ya farasi, na alipoona roketi kwenye televisheni hakuwa tena na safari nyingine kichwani. Kuna mchoro wa 1970 wenye Snoopy kwenye jina, na Snoopy ndilo jina walilokipa chombo cha Apollo 10 kilichoukaribia mwezi mwaka 1969 bila kutua. Ni duara moja kubwa la rangi za machweo. Dunia, ikitazamwa kutoka huko, na bibi wa jikoni mtaa wa 15.

Ubao

Alifariki Februari 1978, Washington, baada ya upasuaji. Ukihesabu kuanzia lile dirisha na mti wa holi, karibu kazi zote hizi ninazozunguka nazo kichwani ni za miaka kama kumi na miwili.

Jumapili iliyopita nilirudi makumbusho. Nilisimama pale mlinzi alipotaka nisimame, nikaacha kutafuta penseli. Na kitu kilichonijia hakikuwa Washington hata kidogo.

Nilipokuwa darasa la tatu, Jumapili jioni mama alikuwa ananichukua kwenda naye shuleni. Alibeba mkebe wa chaki za rangi alizonunua Tanga kwa pesa yake, na kikopo cha maji. Alichora ua la mhibiskasi lililopasuliwa katikati, likajaza nusu ya ubao. Chaki nyekundu aliichovya majini kwanza, ili rangi ikikauka iwe nzito. Petali moja aliijaza kwa mikwaju mifupimifupi, akiacha upenyo mweusi kati ya mkwaju na mkwaju, na mimi nilishika taa. Stameni alizipiga kwa chaki ya njano, nukta moja moja. Kisha anarudi hatua tatu nyuma, anatazama, anasogea kuongeza nukta mbili ambazo hakuna mtoto angegundua hazipo.

Jumanne mwanafunzi wa zamu alipita na dasta. Niliona vumbi jekundu likishuka.

Nilipotoka makumbusho nilimpigia, huko kwetu ilikuwa usiku. Nikamuuliza kama anayakumbuka yale maua ya ubaoni. Anayakumbuka. Nikamuuliza kama hakuwahi kutamani hata moja libaki.

"Libaki wapi, na Jumanne ilikuwa siku ya moyo na mapafu?" akasema. "Tena walikuwa wameshanakili."